Kamati ya Chilangala Imekaa

Chilangala, Newala
14 Mei 2023

Kwa mpwa wangu Bibiana,

Marahaba. Naitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana najua ukiona mwandiko wangu utasema shikamoo peke yako hapo ofisini na watu watadhani umechanganyikiwa. Sisi huku wazima. Mama yako Agatha mzima, na mdomo wake mzima kuliko yeye. Mimi mzima isipokuwa hili goti la kushoto, lile lililoangukiwa na tairi Lubumbashi, linanikumbusha Kongo kila baridi inapopanda kutoka bondeni. Wewe je, unakula? Msomi akikonda watu wanasema vitabu vimemnyonya, wanaacha kusomesha watoto wao. Kwa hiyo kula kwa ajili ya taifa.

Usiulize kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanikatisha. "Mjomba nina kipindi, Mjomba nina kikao." Barua haina mtu wa kunikatisha. Nampa kondakta wa basi la Newala, wewe unaichukua kituoni, na katikati hapo maneno yangu yanasafiri yamekaa kwenye kiti kama mheshimiwa.

Sasa sikia. Pasaka uliniambia umepeleka maombi ya kuwa profesa wa Kifaransa. Nimeshatangaza. Nimetangaza gulioni, nimetangaza kwenye mkutano wa ushirika wa korosho, katikati ya ajenda ya salfa. Mwenyekiti akasema, "Mzee Anselmo, hilo haliko kwenye ajenda." Nikamwambia liingize. Unamkumbuka Mwalimu Filemoni, yule mstaafu anayesahihisha hata salamu za watu? Akasimama akasema, "Kifaransa! Atamfundisha nani, mikorosho?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikamwambia Filemoni, mimi nimefika Kolwezi na Bujumbura kwa lori, nimekula chikwanga, ambao ni muhogo wetu tu uliovalishwa suti ya majani, na huko kote mtu asiye na Kifaransa anasimama kwenye kizuizi mpaka ndevu zinaota. Wewe umefika wapi? Amefika Mtama, hapo jirani tu.

Basi nikaenda kwa Sultani mchongaji. Mwezi wa saba watoto wanatoka jandoni na lipiko atatoka kucheza. Wasomee na wenzako wa bara wasiomjua: lipiko ni yule wa kinyago cha kichwa kizima, mwili wote umefunikwa nguo, anakuja uwanjani na ngoma akiwa na sura ya mtu ambaye kijiji kimeona anastahili kuchezwa. Kachezwa daktari, kachezwa askari, kachezwa padri. Mwaka huu atachezwa Profesa Bibiana wa Chilangala. Sultani keshapata mti mwepesi, miwani anaikunja kwa spoku za baiskeli, na lile pengo lako la meno ya mbele kalitoa vizuri mno, utadhani amekulea.

Zaidi ya hapo sisemi. Wewe ni mwanamke, na mwanamke haulizi aliyemo ndani ya lipiko. Hata awe profesa.

Waambie hao wakubwa zako wafanye haraka, wasije wakachelewa nyuma ya ngoma.

Mjomba wako,
Anselmo


Dar es Salaam
2 Juni 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Umeshaitikia, lakini naamkia hivyo hivyo, sikulelewa vingine. Mimi mzima wa mwili. Nakula. Mpe Mama salamu, mwambie ming'oko, vile viazi pori vyetu, aliyonitumia nimeimaliza peke yangu na sikumgawia jirani, asinisengenye.

Mjomba, naomba usimamishe hicho kinyago.

Nimeisoma barua yako kituoni nikiwa nimesimama, nikacheka kwa sauti, halafu nikakaa kwenye benchi la abiria nikaisoma tena. Uprofesa haupo. Wiki iliyopita Mkuu wa Kitivo, Dakta Godwin, aliniita. Aliniagizia chai kwanza. Nikajua hapo hapo kuna jambo. Akasema, "Dada Bibiana, faili lako ni zuri. Tatizo, profesa wa idara gani? Idara ya Kifaransa tunaifunga." Wanafunzi wachache, anasema. Wataniweka kwenye stadi za mawasiliano, nifundishe vijana namna ya kuandika barua za maombi ya kazi. Ninachotakiwa ni kutia sahihi kwamba nimekubali kwa hiari. Kwa hiari, Mjomba! Kikao ni mwezi wa nane.

Nikamuuliza, na nisipotia? Akasema, "Utabaki mwalimu wa somo ambalo halipo."

Nitakwambia ukweli wangu. Nimechoka. Nimefundisha Kifaransa tangu nywele zangu zikiwa za kusuka mpaka sasa ni za kupaka rangi. Kila mwaka naanza na vijana wanaocheka sauti za puani, kila mwaka naeleza upya kwa nini tunajifunza. Nimetunga kamusi, nimesimamia tasnifu, nimeenda Antananarivo na Lyon kusoma makala mbele ya watu waliodhani Tanzania iko karibu na Tasmania. Na mwisho wake ni kikombe cha chai. Labda Mwalimu Filemoni ana haki. Labda nitie sahihi, nifundishe barua za maombi, nistaafu kimya.

Ila usinicheze uwanjani kwa cheo ambacho sina. Nitakuja vipi nyumbani? Watoto wa Newala wataniita profesa na mimi nitaitikia nini? Mwambie Sultani atoe miwani, amgeuze kuwa nesi.

Mpwa wako,
Bibiana


Chilangala
18 Juni 2023

Mpwa wangu Bibiana,

Marahaba, na pole. Pole ya kwanza na ya mwisho, maana sasa nimekasirika. Huku wazima. Tunapulizia mikorosho, nakuandikia nikiwa mweupe kwa salfa kama mzungu aliyefufuka.

Nesi! Unataka Sultani akugeuze nesi! Manesi ni watu wa maana, goti langu ni shahidi, lakini huyu aliyechongwa si nesi. Nimemsomea Sultani barua yako. Ameacha patasi akasema, "Mzee Anselmo, mwambie mpwa wako kuwa mti hauchongeki kurudi nyuma." Akaendelea kubandika nywele. Nywele za kweli hizo, tumechukua kwa kinyozi wa Newala mjini. Tumechanganya na mvi kidogo kwa heshima.

Unaniambia kikao ni mwezi wa nane, kamati haijakaa. Kamati ipi? Kamati ya Chilangala imekaa. Walikuwepo wazee wa jando, alikuwepo Sultani, nilikuwepo mimi nikiwa katibu, mwenyekiti na mjumbe. Tuliuliza swali moja tu: huyu mtoto anafundisha au hafundishi? Anafundisha. Amechoka? Kachoka, ndiyo, na mikorosho inachoka, tunaipogoa. Basi imepita. Hatukumwagizia mtu chai.

Wewe umesahau ulikotoka, nikukumbushe. Ulikuwa unaokota korosho na mimi pale kwa marehemu bibi yako, nimetoka Kongo na redio na suruali pana, nikakufundisha Kifaransa chote nilichonacho mpaka kikaisha kabla kikapu hakijajaa. Ukaenda Lukuledi shuleni, mtawa akauliza nani anajua salamu ya Kifaransa, ukasimama mbele ya darasa zima ukasema "Mbote!" kwa nguvu zote. Kumbe Kilingala. Mtawa akacheka mpaka akashika meza. Uliporudi likizo hukunisemesha, ulinuna kuliko mbuzi wa kufungwa. Lakini ulinuna ukiwa na kitabu cha Kifaransa mkononi! Ulisema, "Nitakijua chenyewe, halafu nitakufundisha wewe, Mjomba." Sasa mimi bado sijafundishwa. Utatiaje sahihi kwamba somo limekwisha na mimi niko darasani nasubiri?

Kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba yako, Mungu amweke pema, alijua hivyo. Mimi mjomba nasema usitie. Hao wakitaka hiari yako waje Chilangala waiombe kwangu, wapande na basi, wale vumbi.

Na Filemoni mwambie hana haki. Au basi usimwambie, nitamwambia mimi.

Mjomba wako asiyetia sahihi,
Anselmo


Chilangala
30 Julai 2023

Mpwa wangu,

Hujajibu. Sawa. Nakuamkia mimi basi, tuone kama dunia itapinduka: hujambo? Mama yako hajambo, sauti tu imekauka na sababu yake utaijua.

Watoto wametoka jandoni na Profesa amecheza. Mimi mwenyewe sikuwepo uwanjani, naomba ujue hilo mapema. Siku hiyo nilikwenda Masasi, Mkomaindo hospitalini, kuonyesha goti. Haya ninayokuandikia nimesimuliwa.

Basi nimesimuliwa kwamba ngoma zilipoanza wanawake walikaa mbali kama kawaida, tayari kukimbia. Lipiko akatokea nyuma ya nyumba ya jirani yetu Severina. Amevaa joho jeusi, joho la kwaya ya kanisani, ambalo padri hakuambiwa na wewe usimwambie. Miwani puani, kitabu kwapani, kijiti mkononi. Alivyotembea! Kifua mbele, kidevu juu, polepole, kama mtu ambaye kipindi hakiwezi kuanza bila yeye. Watoto wakapiga kelele, "Bibiana! Bibiana!" Joto humo ndani ya kinyago balaa, jasho linaingia machoni huwezi kulifuta, na kitundu cha kuonea ni kile kipengo cha meno. Ndivyo nilivyosimuliwa.

Mwalimu Filemoni alikuwa amekaa mbele kwenye kiti chake alichokuja nacho kutoka nyumbani. Akasema kwa sauti, wote wasikie, "Haya, huyu Mfaransa wenu atufundishe basi!" Wapiga ngoma wakaacha kupiga. Lipiko hasemi, unajua. Akamwendea Filemoni taratibu mpaka mbele ya kiti. Akafungua kitabu. Akainua kijiti, akamnyooshea, halafu akakipandisha juu hivi: simama.

Bibiana, Filemoni alisimama! Mtu aliyesimamisha wilaya nzima kwa miaka ya ualimu wake alisimama wima, mikono ubavuni, macho mbele. Sijui ni mazoea, sijui ni aibu. Uwanja ukalipuka. Lipiko akamwashiria kaa, akakaa. Simama, akasimama tena, safari hii anacheka mwenyewe, machozi yanamtoka. Fatu, binti yake Severina, amechukua video kwa simu, nimemwambia akutumie.

Halafu mama yako. Agatha, ambaye siku zote alisema heri ungesomea ukunga, alitoka kwenye kundi la wanawake. Hakukimbia lipiko kama wenzake. Alikwenda mbele akavua kitenge chake cha juu, akakitandika chini, lipiko akapita juu yake. Akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkatika. Wanawake wote wakaimba "Plofesa wetu kaja, mpisheni apite." Hapo nimesimuliwa kwamba lipiko mwenyewe alisimama kidogo, akashindwa kucheza.

Kwa hiyo limechezwa. Jina likishachezwa hapa, watu wamelishika, watakuita hivyo mpaka kaburini. Huna pa kulirudisha. Sasa nenda kwenye kikao chako.

Mjomba wako,
Anselmo

Goti walisema nilipumzishe.


Chilangala
3 Septemba 2023

Bibiana,

Kikao kilikuwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane umekwisha, mabibo yameanza kuiva, na kwako kimya. Kila basi likifika naenda kumtazama kondakta usoni, mpaka juzi kaniuliza kama ananidai au namdai. Simu sikupigi, nikipiga utaniambia una kipindi. Au utaniambia huna kipindi tena, na hilo sitaki kulisikia kwenye simu.

Kama umetia sahihi, umetia. Hiyo haikuondoi kwenye ukoo. Njoo Desemba, utakula, nitakugombeza mara moja, tutanyamaza. Lakini kama hukutia, sema, mama yako hali chakula vizuri.

Mjomba wako


Dar es Salaam
10 Septemba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya tatu kwa ajili ya kimya changu. Mwambie Mama ale. Sikutia sahihi.

Sikujibu mapema kwa sababu sikutaka kukuandikia kabla mambo hayajakaa, na yamekaa juzi tu. Sasa keti nikusimulie, maana safari hii nilikuwepo mwenyewe.

Ile video niliitazama peke yangu mara ya kwanza nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga. Nikamwonyesha Faudhia, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anawatafsiria wafanyabiashara wa Kikongo Kariakoo. Kosa langu hilo! Siku ya pili chuo kizima walikuwa nayo. Nikipita kwenye korido vijana wananipisha, mmoja ananong'ona "mpisheni apite," mwingine anasimama wima mikono ubavuni. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuandikia barua ya matusi, Mjomba, nikaichana.

Siku ya kikao nikaingia. Meza ndefu, wajumbe wote, maji ya chupa mbele ya kila mtu. Dakta Godwin akaanza kwa kutabasamu.

"Dada Bibiana, tumeona video. Naona huko Newala umeshapanda cheo kabla yetu."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kama wewe kwa Filemoni. Nikasema, "Ndiyo, Mwenyekiti. Huko kamati imeshakaa."

"Walikupitisha kwa vigezo gani?"

"Waliuliza swali moja. Anafundisha au hafundishi?"

Kicheko kikapungua kidogo. Godwin akasukuma ile karatasi mbele yangu, kalamu juu yake. "Tusipoteze muda, dada. Hakuna anayekifuata Kifaransa tena, kinasahaulika. Weka sahihi hapa chini tumalize."

Mjomba, mkono wangu ulikwenda kwenye kalamu. Naapa, uliigusa. Halafu nikamwona Mama anatandika kitenge chini, kwenye lile vumbi letu jekundu linalogoma kutoka hata ufue na nini. Nitapitaje juu ya kitenge cha Mama nikaenda kutia sahihi?

Nikaichukua ile kalamu, nikasimama. Nikaweka miwani vizuri puani, kifua mbele, kidevu juu. Nikamnyooshea kalamu Dakta Godwin, nikaipandisha juu polepole. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Monsieur Godwin, levez-vous, s'il vous plaît."

Alisimama.

Hakutaka, lakini miguu yake ilimtangulia. Hukujua, Mjomba, wala wengi mezani hawakujua: Godwin alisoma Kifaransa kwangu mwaka wake wa kwanza, akiwa kijana mwembamba wa shati moja, anakaa safu ya nyuma. Nilimsimamisha kwa maneno hayo hayo mwaka mzima. Alisimama wima kabisa mbele ya kitivo chake, halafu akagundua amesimama.

Nikamwambia, "Merci. Kumbe hakijasahaulika."

Bwana Trevor wa Historia alicheka hadi akamwaga maji yake. Hata Godwin mwenyewe alikaa akaficha uso kwa mikono, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikaiweka kalamu chini, karatasi nyeupe kama ilivyokuja. Nikasema nitabaki mwalimu wa Kifaransa, na wakifuta somo wafute na mlango, maana nitafundishia hapo mlangoni.

Sikudanganyi kwamba nimeshinda vita. Uprofesa bado. Faili, wanasema, liko njiani, na wewe na mimi tunajua njia za huku zilivyo. Ofisi yangu wameichukua, wamenipa chumba kando ya stoo ya viti vibovu. Idara wameiacha mwaka mmoja waitazame. Godwin sasa ananisalimia kwa Kifaransa tukikutana, kibaya sana, na hacheki. Huenda ananipenda, huenda ananitafutia siku. Sijali. Jumatatu nimeanza mwaka wa kwanza. Wamekuja wachache kuliko viti vibovu. Nimewasimamisha wote, nimewafundisha salamu, na nimewaambia kwamba "mbote" si Kifaransa, lakini mtu akiisema kwa nguvu zote inaweza kumfikisha mbali.

Desemba nakuja. Wewe utakaa kwenye mkeka na utajifunza, maana niliahidi. Usiniletee habari za goti.

Na kuhusu hilo goti. Video nimeitazama mara nyingi sasa. Mimi ni mwanamke, nimelelewa vizuri, siulizi aliyemo ndani ya lipiko. Nimeona tu kwamba Profesa, kila akigeuka, anaburuta mguu wa kushoto kidogo, kama mtu aliyewahi kuangukiwa na tairi. Kondakta anakuletea kifurushi. Kuna bandeji ya kuvaa gotini na dawa ya kuchua. Mpe lipiko, kama unamfahamu. Kama humfahamu, vaa wewe isiharibike.

Mpwa wako,
Bibiana


Chilangala
24 Septemba 2023

Kwa Profesa Bibiana,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Mama yako anakula, na sasa anakula na sehemu yangu. Barua nimeisoma gulioni kwa sauti, nimeirudia pale Godwin aliposimama, watu wakaomba tena. Filemoni kasema hata yeye angesimama, kwa hiyo huyo Godwin asijisikie vibaya.

Kifurushi kimefika. Huyo lipiko mimi simfahamu, nimekwambia nilikuwa Mkomaindo. Lakini nimeuliza uliza nikampata mtu wa kumfikishia. Anashukuru. Bandeji imemkaa vizuri, haburuti mguu tena.

Ameagiza nikwambie neno moja tu. Mwakani anacheza tena, na padri ameshaligundua joho la kwaya. Anataka joho la kweli, la uprofesa, kutoka kwako.

Kwa hiyo waambie wafanye haraka.

Mjomba wako na mwanafunzi wako,
Anselmo